Ukoko wa Sufuria Ndogo

Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, na humo ndimo lilimobaki. Watu wote wanamwita Mwiko. Siku hizi ni Mzee Mwiko, kwa sababu ya mvi. Jina hilo alilipata kwenye kambi za barabara, alikopika maisha yake yote ya kazi, na lilitokana na chombo chake: mwiko wa mti mgumu, mrefu kama kasia, wa kukorogea masufuria ambayo mtu mzima angeweza kujikunja ndani yake akapata usingizi wake mzuri.

Kambi ya barabara haikai mahali. Lami inasonga mbele, kambi inaifuata kama mkia. Leo mko bondeni, mwezi ujao mko juu ya mlima, na mpishi ndiye anayetangulia kuamka na anayechelewa kukaa. Mwiko alilisha madereva wa greda, wavunja kokoto, wapima njia na walinzi. Hakuwa na mizani wala kikombe cha kupimia. Kipimo chake kilikuwa mwiko wenyewe. Kwenye mpini alikuwa amechonga alama kwa kisu: maji yakifika hapa, mchele ufike pale. Chumvi aliipima kwenye bapa lake, ambapo mti ulikuwa umelika katikati ukafanya kijishimo kama kiganja. Na wanaume wale walipokwisha kula wali wao, walianza kuzunguka sufuria kama paka, wakisubiri ukoko.

Ukoko kila mtu anaujua: ule wali unaoshika chini ya sufuria. Lakini ukoko una madaraja yake. Kuna ukoko wa uzembe, mweusi, ambao hata mbwa anaunusa kisha anakutazama usoni. Na kuna ukoko wa makusudi, wa rangi ya asali, unaobanduka vipande vipande na kulia mdomoni. Wa Mwiko ulikuwa huo wa makusudi. Watu wazima wenye wake na watoto waliugombania hadi wakanuniana.

Nyumbani alikuwa akifika kama mgeni. Anakuja na begi, anakaa siku chache, anatengeneza bawaba ya mlango, anaondoka. Mkewe alimlea mtoto wao, mmoja tu, wa kiume. Siku moja, mtoto huyo akiwa bado anavaa kaptura, dereva mmoja wa greda alipita pale nyumbani kuleta salamu. Alipewa chai, akakaa kitako, na maneno yakamtoka. Aliueleza ukoko wa Mwiko kwa mikono miwili na macho yaliyofumbwa. Mtoto alisikiliza mdomo wazi. Baba yake aliporudi likizo, hata begi halijatua, mtoto akauliza, "Baba, utatupikia ukoko lini?"

Mwiko akacheka. "Siku moja," akasema.

Ile siku moja haikufika. Mtoto aliuliza tena mwaka uliofuata, kisha akaacha kuuliza. Akakua, akawa fundi umeme, akaoa muuguzi, wakapata binti, wakahamia mji mwingine. Mwiko akastaafu. Kampuni ya barabara ikamuaga kwa maneno mazuri, naye akaomba aondoke na mwiko wake. Hakuna aliyeuhitaji. Ukasimamishwa stoo, nyuma ya mlango, ukimtazama kila alipoingia kuchukua jembe.

Basi siku moja simu ikalia. Alikuwa mwanawe.

"Baba, likizo hii tunakwenda kambini."

Mwiko akashtuka. "Kambini? Umeme umeacha? Barabara gani hiyo?"

"Si ya kazi, baba. Ya kupumzika. Tunakwenda kando ya ziwa, tunalala kwenye hema, tunarudi."

"Mnatoka kwenye nyumba yenye vitanda, mkalale chini."

"Ndiyo."

"Na hamlipwi."

"Hatulipwi, baba."

"Haya. Endeleeni tu, mradi hamjagombana na mtu."

Mwanawe akacheka, kisha akasema lile alilopigia simu. "Tunataka tuje tukuchukue twende wote. Mama naye kama atataka. Na chakula upange wewe. Wewe si ndiye mtu wa kambi?"

Mkewe alimkuta amekaa kwenye kiti, simu bado iko mkononi. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimeambiwa nipike."

"Na nani?"

"Na mwanao."

Mama yule alikuwa akiokota mawe kwenye mchele, akaendelea kuokota. Baadaye akasema yeye hendi, magoti yake hayataki habari ya kulala chini, lakini Mwiko aende. Mwanawe hakuwa ametaja ukoko hata kidogo. Pengine alishausahau. Mwiko ndiye aliyeutaja, kimoyomoyo, na akakata shauri: mwanawe atakula ukoko wa baba yake kule ziwani, na usipotoka vizuri safari hii, hautatoka tena.

Sasa shida ikawa ile aliyoificha miaka yote. Mwiko hakujua kupika kidogo. Kupika kwa ajili ya kambi nzima alijua hata akiwa amefumba macho. Kupika kwa ajili ya watu wanne kulimtoa jasho. Alichukua sufuria ndogo kuliko zote jikoni kwa mkewe, ile ya kuchemshia maziwa, akaitazama kama mtu aliyepewa kofia ya mtoto aivae. Alama za kwenye mpini zilikuwa juu huko, karibu na dari. Hazikumfaa kitu.

Alianza majaribio. Alipanga apike wali na dengu pamoja, chungu kimoja, kwa sababu alijua jambo moja kuhusu kambi ya aina yoyote: hakuna anayependa kuosha vyombo. Akatia mchele, akatia dengu, akatia chumvi kwa mkono wake uliozoea. Jirani yao, fundi cherehani, aliyekuwa na kibanda chake pale upenuni, akaitwa aonje. Akaonja. Akaomba maji.

"Mzee," akasema, "hiki chakula unataka kikae mpaka mwakani?"

"Kina nini?"

"Hakina kitu. Kina chumvi tu."

Mkewe akacheka hadi akashika ukuta. "Siku zote anatia chumvi kwenye hadithi zake. Leo amehamia kwenye sufuria."

Mara ya pili chumvi ilikuwa sawa, lakini alijisahau kwenye kipimo cha mchele. Wali ukapanda, ukainua mfuniko, ukachungulia nje. Walikula huo mchana, wakala jioni, na kesho yake fundi cherehani akaja kazini akasema leo amefunga. Mara ya tatu kipimo kilikaa. Wali ukaiva, dengu zikaiva, Mwiko akaacha moto kidogo ili ukoko ufanyike. Alipokwangua, kikatoka kipande cheusi tii. Fundi cherehani akakipokea kwa adabu, akakigeuza huku na huku.

"Hiki nitachorea nguo kabla ya kukata," akasema. "Chaki yangu imeisha."

Mwiko hakukasirika. Mtu aliyezoea kupigiwa kelele na wavunja kokoto wenye njaa hawezi kukasirishwa na fundi cherehani. Alikaa akafikiri. Kule kambini alikuwa hatazami ukoko, alikuwa anausikiliza. Sufuria kubwa ikifika wakati wake hubadilisha sauti, inaacha kuchemka na kuanza kunong'ona. Sufuria ya maziwa nayo lazima iwe na sauti yake, ila ni ndogo. Basi akawa anapika huku ameinamisha sikio, na mkewe akipita anauliza, "Inasemaje? Haijambo?" Aligundua pia kwamba moto wa jiko la gesi unachoma mahali pamoja tu, katikati, kwa hiyo sufuria ndogo inatakiwa izungushwezungushwe kama mtoto anayebembelezwa. Safari hiyo ukoko ulitoka nusu asali nusu makaa. Fundi cherehani alikula ile nusu njema, akasema sasa tunaelewana.

Jioni wakiwa wamekaa nje, yeye na mkewe walipanga safari nzima kwa mdomo.

"Kitu kinachooza upesi kiliwe kwanza," Mwiko akasema. "Nyanya na mboga za majani, siku ya kwanza. Viazi vinaweza kungoja."

"Gari lao dogo. Usiwabebeshe gunia."

"Sibebi gunia. Kila mlo nitaufunga kwenye mfuko wake. Mchele na dengu zake huku, pembeni bizari na pilipili manga kwenye kikaratasi nilichosokota. Nikifika sitafuti kitu, nafungua mfuko, namwaga."

"Na vitunguu? Utakaa hapo unalia machozi mbele ya mkweo?"

"Vitunguu navikaanga hapahapa, natia kwenye kichupa na mafuta yake. Kazi nusu ifanyike nyumbani. Kule ni kuchemsha tu na kunusa."

Mama akafikiri kidogo. "Uji wa asubuhi, unga uchanganye kabisa na sukari na maziwa ya unga. Anayeamka kwanza anamimina maji ya moto anakoroga. Na mayai yazike ndani ya mchele, hayatavunjika."

Mwiko akamtazama kwa heshima. "Wewe ungenifaa kule barabarani."

"Mimi nilikufaa huku," akajibu mkewe, akainuka kwenda kufunga kuku.

Kikabaki kitu kimoja. Siku mbili kabla ya safari, Mwiko aliingia stoo akautoa ule mwiko mkubwa, akaulaza juu ya kigoda, akachukua msumeno. Mkewe akasimama mlangoni.

"Unaukata?"

"Hauingii kwenye gari."

"Si uende na kijiko kama watu wengine."

"Siwezi," Mwiko akasema. "Mkono hautajua uko wapi."

Akaukata. Ule mpini mrefu wenye alama mkewe akauchukua, akaenda kuinulia kamba ya nguo, na kweli nguo zikaacha kugusa majani. Mwiko akabaki na bapa na kipande cha mpini. Akalipunguza kwa kisu pande zote mbili, akiacha kile kijishimo cha chumvi katikati, kisha akakaa chini kuusugua kwa msasa. Alikuwa katika kusugua huko simu ilipolia tena. Safari hii alikuwa mkwe, yule muuguzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, nakwenda sokoni kununua vitu vya safari, nikasema niulize kwanza. Kuna vyakula vya mwiko kwako? Nisije nikanunua kitu kikakuletea shida."

Sasa, mwiko ni neno lenye nyumba mbili. Katika moja anakaa mwiko wa kukorogea. Katika nyingine anakaa mwiko wa kukatazwa, yale mambo ambayo mtu hayagusi kwa sababu ya daktari wake, au ukoo wake, au imani yake. Muuguzi yule, ambaye kazini kwake huuliza swali hilo kila siku, alibisha kwenye nyumba ya pili. Mzee, mwenye msasa mkononi na vumbi la mti puani, akafungua mlango wa ile ya kwanza.

"Vya mwiko?" akasema, sauti imejaa raha. "Mbona vingi, mwanangu. Wali ni wa mwiko. Dengu. Viazi vya rojo. Mchuzi wowote mzito."

"Wali pia?"

"Wali ndio wenyewe. Na uji. Uji hasa."

"Pole sana, baba. Sikujua."

Mwiko akaona mkwe wake anamhurumia kwa kazi ngumu ya kukoroga. Akaguswa. "Ah, nimeshazoea. Tangu ujana wangu, nilipoingia kambini tu."

"Na mama naye?"

"Mama yenu hana mwiko," Mwiko akasema. "Yeye hajawahi."

"Sasa wewe baba unaweza nini, kisicho cha mwiko?"

Swali hili lilimtatiza kidogo, lakini alijibu vizuri. "Kisicho cha mwiko? Labda mkate. Ndizi. Yai la kuchemsha. Hivyo havina mwiko."

"Nimeelewa, baba. Usijali kabisa. Nitapanga."

Mwiko akaweka simu chini na kumwambia mkewe kwamba yule binti ana moyo mzuri, amempa pole. Mkewe akauliza pole ya nini. Ya mwiko, akasema Mwiko. Wote wawili wakaona ni sawa.

Walikuja kumchukua asubuhi. Mjukuu, binti aliyeng'oka meno mawili ya mbele na ambaye nyumbani wanamwita Pengo, alimrukia babu yake na kumshika shingo. Mwiko akapakia begi lake mwenyewe. Mkwe alidhani ni nguo. Njiani waliimba, wakanyamaza, Pengo akatapika kidogo, wakasimama, wakaendelea. Walipofika ziwani jua lilikuwa limeanza kushuka lakini bado lina nguvu. Mwanawe akasimamisha hema kwa vyuma vyepesi na kamba, Mwiko akisaidia kushikilia na kushangaa. Hema lake la kambi ya barabara lilihitaji wanaume wa kutosha na matusi ya kutosha. Hili lilisimama kama mwavuli.

Mkwe akatandika mkeka. Akaweka mikate, mkungu mdogo wa ndizi, mayai ya kuchemsha, chumvi, na birika la chai juu ya jiko dogo la gesi. Akasema, "Karibu, baba."

Mwiko akatazama huku na huku. "Sufuria mmeiweka wapi?"

"Tumeiacha nyumbani, baba. Mchele tumeuacha, nyanya tumeziacha, mafuta tumeyaacha. Tumeamua sote tule hivi hivi. Hatutaki kukusumbua."

"Mmeamua."

"Ndiyo. Mume wangu nilipomwambia alikubali mara moja, wala hakubisha."

Ya sufuria hayakumuuma, kwa kuwa ile ya maziwa ilikuwa ndani ya begi lake, imefungwa kwa taulo. Kilichomchoma ni yale maneno ya mwisho. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa ameinama akikaza kamba ya hema, mgongo wake mpana kama wa baba yake. Alikubali mara moja. Hakubisha. Kumbe mwanangu hautaki hata mkono wangu, Mwiko akawaza, na atautaka wa nini, wakati alipoutaka sikumpa. Akachukua yai, akalimenya, akalila. Akasema anakwenda kunyoosha miguu.

Alikaa juu ya jiwe kando ya maji. Hakuwa na la kufanya, na mikono yake, ambayo kambini haijawahi kukosa la kufanya, aliiweka magotini. Hakukaa sana. Pengo alikuja akikokota kandambili, akakaa karibu naye, akamkodolea macho.

"Babu."

"Naam, mchumba."

"Ukila wali utakufa?"

"Nani kakwambia?"

"Nimeambiwa nisikwambie." Akafikiri. "Lakini utavimba tu au utakufa kabisa?"

"Sitavimba, sitakufa. Wali nimekula tangu sina meno kama wewe."

Pengo akamwangalia kama anayemshika mtu akidanganya. "Mama amesema wali ni mwiko kwako. Na uji. Na dengu. Amesema ulisema mwenyewe kwenye simu, na nisivitaje mbele yako, utaumia roho. Mimi nilikuwa nataka wali."

Neno lile lilimzunguka Mwiko kichwani, likatoka nyumba moja, likaingia nyingine, likatoka tena. Pole sana, baba. Ah, nimeshazoea. Mama yenu hana mwiko. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega, mpaka Pengo akadhani ndiyo kuvimba kumeanza.

"Njoo," akasema, akimshika mkono.

Walipofika kwenye hema alikwenda moja kwa moja kwenye begi, akafungua taulo, akatoa ule mwiko uliokatwa, akauinua. "Mwanangu," akamwambia mkwe, "mwiko wangu ni huu hapa. Mwingine sina."

Muuguzi yule alitazama ule mti. Akatazama uso wa mzee. Kisha akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Baba. Uliposema uji hasa."

"Uji unakorogwa na nini, mwanangu?"

"Ulisema mama hana."

"Hana. Anatumia kijiko."

Mkwe akacheka na kuona haya kwa pamoja, akasema nisamehe, baba, nisamehe sana. Mwiko akasema amsamehe nini, yeye alipewa pole akaipokea, basi wote walikosea. Mwanawe peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa ameacha kamba ya hema, amesimama, anautazama mwiko.

"Umeukata," akasema.

"Haukuwa unaingia kwenye gari."

Mwanawe akaupokea, akaupitisha kidole kwenye kile kijishimo. Akasema, bila kuinua macho, "Mke wangu aliponiambia kwamba wali ni mwiko kwako, nilisema basi, ndiyo maana. Sikumbishia. Nilifurahi, kusema kweli. Nilipata sababu."

"Sababu ya nini?"

"Ya kwa nini hukuwahi kutupikia. Ilikuwa nzuri kuliko ile niliyokuwa nayo."

"Uliyokuwa nayo ni ipi?"

"Kwamba ulikuwa hutaki."

Pengo alitaka kusema kitu, mama yake akamvuta akamkalisha. Mwiko alikuna kichwa. Alikuwa na maneno mengi ya kujitetea, kuhusu uchovu, kuhusu likizo fupi, kuhusu jiko kuwa la mkewe. Yote yalikuwa ya kweli, na yote aliyaacha.

"Nilikuwa sijui kupika kidogo," akasema. "Usicheke. Nililisha kambi nzima, na sikujua kulisha watu watatu. Siku moja nilijaribu, ulikuwa umelala. Nilishika sufuria ya mama yako nikaona nitaiharibu, mtoto wangu anione sijui kazi ninayojisifia. Nikairudisha. Nikasema likizo ijayo."

"Na sasa unajua?"

"Fundi cherehani wa kwetu anasema tunaelewana."

Mwanawe akamrudishia mwiko. "Pika basi, baba."

Mwiko alipika. Birika likashushwa, sufuria ya maziwa ikapanda. Alifungua mfuko wa kwanza, akafukua mayai ndani ya mchele moja moja akampa mkwe ayaweke kando kwa ajili ya kesho. Akafungua kichupa cha vitunguu, na harufu yake ilipopata moto, mwanawe alisogea karibu bila kujua kwamba amesogea. Mzee akamwaga mchele na dengu, akafungua kikaratasi cha bizari na pilipili manga, akakung'uta. Ilipofika zamu ya chumvi alisita. Kijishimo cha mwiko kilikuwa bado kikubwa. Akamwambia Pengo alete kiganja, akamwagia humo chumvi kiasi cha kukaa, akasema hiki ndicho kipimo cha sufuria hii, mimina. Pengo alimimina kwa makini kama mtu wa benki. Maji yakatiwa, mfuniko ukafungwa, moto ukashushwa.

"Sasa nyamazeni," akasema. "Nasikiliza."

Wakanyamaza. Upepo wa ziwani ulikuwa ukivuma kidogo na kuulaza moto upande mmoja, na hili hakuwa amelipanga. Mwanawe aliona, akachukua kibao cha kukatia mkate akakiweka kukinga. Mwiko alizungusha sufuria kidogo, akasikiliza, akazungusha tena. Walikaa hivyo, baba na mwana, vichwa karibu kugongana juu ya sufuria ya maziwa, mpaka sauti ya kuchemka ikakatika na kukaanza kunong'ona kule kudogo.

"Hiyo," mzee akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Wali ulikuwa mzuri. Kila mtu alikula, na Pengo alikula kama aliyekuwa kifungoni. Lakini Mwiko hakuwa akitazama wali. Sahani zilipojaa alitia mwiko pembeni mwa sufuria, akasukuma taratibu. Ukoko ukabanduka. Upande ule upepo ulikolaza moto ulikuwa umeungua, mweusi. Upande mwingine ulikuwa asali, na ulishikamana, kipande kizima kipana kuliko kiganja. Akauweka kwenye sahani ya mwanawe.

Mwanawe akavunja. Ukalia. Akatafuna bila haraka, anatazama maji.

"Yule dereva wa greda alitia chumvi," akasema mwishowe.

Mzee akashusha mwiko. "Haufai?"

"Alisema ukoko wako unafanya mtu asahau jina lake." Akavunja kipande kingine. "Mimi langu bado nalikumbuka. Nipe tena, labda."

Mwiko akakwangua tena, na safari hii alicheka mpaka mkwe naye akacheka. Pengo alipewa kipande, akashindwa kukivunja kwa yale mapengo, akakinyonya. Mkwe akauliza asubuhi watakula nini, mzee akasema uji, upo tayari kwenye mfuko, na mchana viazi na mayai. "Uji," mkwe akasema, "si mwiko?" Na hiyo ikawa salamu yao kwa siku zote walizokaa pale.

Vilipobaki vipande vya mwisho, mwanawe alinyoosha mkono akaudaka mwiko. "Lete, baba. Wewe kaa." Akawa anakwangua mwenyewe, ulimi nje kama alipokuwa na kaptura, akitenga asali huku na makaa kule. Alikuwa karibu kumaliza aliposimama ghafla.

"Mama ameshawahi kuula?"

"Mama yako alikula makaa tu," Mwiko akasema. "Majaribio yote."

Mwanawe akachagua kipande kizuri kilichobaki, akakichunguza pande zote. Kisha akaokota kile kikaratasi kilichobeba bizari, akakinyoosha juu ya goti, akakifunga humo kwa uangalifu, akakizika ndani ya mfuko mwingine wa mchele, kama yalivyozikwa mayai, ili kisivunjike njiani.